Naomba Nafasi: Jinsi ya Kuongoza na Kuchangia Mjadala Katika Darasa la Mazungumzo ya Kiingereza

Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa kukodi huku Eastlands, viti ishirini vya plastiki vimepangwa safu kama vya matanga. Hiyo ndiyo siku niliyoongoza darasa la mazungumzo ya Kiingereza kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikauliza, "What do you think about technology?" Kimya. Nikauliza tena kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba shida ilikuwa masikio yao. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akajibu, akajibu tena, akajibu mara ya tatu, na wenzake kumi na tisa wakamtazama. Kila kimya kiliporudi nilikijaza mimi. Saa mbili zilipokwisha, mtu aliyefanya mazoezi mazuri ya Kiingereza siku hiyo alikuwa mimi.

Wanaokuja kwenye madarasa ya namna hii hapa Nairobi ni watu wazima: wauza mitumba wa Gikomba, walinzi, mafundi wa cherehani, watu wa bodaboda, kina dada wa kazi za nyumbani wanaopata ruhusa siku moja kwa wiki, Wakongo na Warundi wenye Kiswahili chao kitamu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, lakini anayetafuta kazi anajua mahojiano yataendeshwa kwa ipi. Wengi wao wanaelewa Kiingereza kuliko wanavyokizungumza. Wamekisikia miaka yote redioni, ofisini na kanisani. Walichokosa ni nafasi ya kukisema bila kuchekwa, na nafasi ni kitu kinachogawiwa. Kazi ya kiongozi ni kuigawa. Kazi ya mchangiaji ni kujua kuiomba.

Anza na hesabu

Watu ishirini wakikaa duara moja kwa saa nzima, kila mmoja anapata dakika tatu, na hiyo ni kama hakuna hata sekunde inayopotea. Wagawe wanne wanne, saa ileile inampa kila mtu dakika kumi na tano. Hakuna mbinu nyingine katika mwongozo huu inayoleta faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Mimi napenda wanne. Watatu, mmoja akichelewa kwa sababu ya foleni ya Jogoo Road, mnabaki na mahojiano ya watu wawili. Sita, wawili watajificha nyuma ya wanne. Ondoa meza katikati na uvute viti mpaka magoti yakaribiane. Kelele za vikundi vitano vinavyoongea kwa pamoja zisikutishe: mwenye haya anaongea vizuri zaidi akijua kwamba watu watatu tu ndio wanaomsikia.

Na wale waongeaji? Viongozi wengi huwatawanya, mmoja kila kikundi, wakidhani watawainua wengine. Jaribu kinyume chake. Waweke pamoja. Waache wanyang'anyane nafasi wenyewe kwa wenyewe, na utashangaa jinsi vile vikundi vingine vitakavyochangamka.

Swali libebe uzito

"Una maoni gani kuhusu teknolojia?" ni swali lisilo na mwenyewe. Hakuna anayepoteza kitu akinyamaza. Wape jambo la kuamua, tena jambo wanalolijua mpaka harufu yake. Hili nimelitumia mara nyingi, na halijawahi kuniangusha:

Ninyi ni wapangaji wa ploti moja. Mmechanga shilingi 25,000. Kuna mambo manne yanayohitaji pesa: tangi la maji, taa za ulinzi, mlango wa choo, na kufuli na bawaba mpya za geti. Kisha ubaoni naandika kwa Kiingereza chepesi: "You have 25,000 shillings. What will you buy? Everybody must agree."

Bei siziandiki ubaoni. Nazikata kwenye vikaratasi vinne, kila mtu kimoja, na ni marufuku kumwonyesha mwenzako. Tangi 18,000. Taa 9,000. Mlango wa choo 6,500. Geti 4,000. Ukijumlisha utaona mtego ulipo: tangi na taa, vitu viwili ambavyo karibu kila mtu atavitaka, vinafika 27,000. Zile shilingi 2,000 zinazopungua ndizo zinazozaa mjadala. Na kwa kuwa kila mmoja ameshika bei ambayo wenzake hawaijui, hakuna anayeweza kukaa kimya hesabu ikakamilika.

Wazo la kumpa kila mtu kipande kisichopatikana kwa mwingine lina historia yake. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson alilitumia huko Austin, Texas, katika shule ambazo watoto weusi, weupe na Walatino walikuwa ndio kwanza wanasoma pamoja, tena kwa uhasama. Mtoto aliyedharauliwa alipewa kipande ambacho kila mtu alikihitaji, basi ikabidi asikilizwe. Darasani kwako hakuna uhasama wa aina hiyo, lakini yupo dada wa kazi aliyezoea kutosikilizwa, na dawa ni ileile.

Mambo mengine yanayofanya kazi vizuri: mwenye nyumba ameongeza kodi, je, mwende pamoja au kila mtu azungumze naye kivyake; mtoto amepata alama za kujiunga na shule ya mbali, aende au abaki; mwanachama wa chama cha kuchangiana pesa hajalipa miezi mitatu, mmfanye nini. Siasa na kabila ziache kwa wiki za mwanzo, na wakati wa uchaguzi ziache kabisa. Na usimuulize mkimbizi mbele ya watu kwa nini aliondoka kwao. Akitaka kusema atasema.

Kabla ya kufungua mdomo

Dakika tano za kwanza zisiwe za mjadala. Dakika mbili kila mtu aandike au awaze peke yake, dakika tatu azungumze na aliye kando yake, halafu ndipo kikundi kizima. Mwalimu wa Marekani Frank Lyman aliueleza mpangilio huu mwaka 1981, na umedumu kwa sababu ni rahisi: mtu akishasema jambo lake mara moja kwa mtu mmoja, mara ya pili halimtishi.

Katika zile dakika tano ninaruhusu Kiswahili. Najua wapo wenzangu wanaotoza faini ya shilingi kumi kwa kila neno la Kiswahili. Sikubaliani nao hata kidogo. Wengi wetu tulivalishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mama, na tulichojifunza pale ni kunyamaza. Mjadala ukianza, ndiyo, tunashika Kiingereza, lakini mlango mmoja unabaki wazi: "How do you say 'bawaba' in English?" Sentensi hiyo ni Kiingereza safi. Anayeitumia hajavunja sheria. Na kikundi kizima kisipojua, sema "the metal thing that holds the gate", geti litafunguka hivyo hivyo.

Mkiwa na muda, wapashe moto kwa mchezo wa 4/3/2. Mtu anasimulia jambo kwa dakika nne, anahamia kwa mwenzake mwingine na kulisimulia tena kwa dakika tatu, kisha kwa wa tatu kwa dakika mbili. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha wa New Zealand, ni mmoja wa walioieneza mbinu hii. Kwa wanaoanza nayo dakika nne ni nyingi mno, hivyo mimi hutumia tatu, mbili, moja. Kufika raundi ya tatu, ule mtindo wa "aah… eeh… nini hii" umepungua wenyewe.

Endesheni kama chama

Watu wazima wa Nairobi hawahitaji kufundishwa jinsi ya kuendesha mkutano. Wana chama. Wanajua mwenyekiti ni nani, katibu anaandika nini, na nani anashika saa. Tumia maarifa hayo. Katika kikundi cha wanne weka mwenyekiti, katibu, mtunza saa, na wa nne ninamwita mdadisi: kazi yake ni kuuliza "Why?" na "What if…?" kila mambo yanapokubaliwa haraka mno. Zamu zibadilike kila wiki, na usimpe uenyekiti anayejua Kiingereza zaidi. Mpe anayejua kusikiliza.

Mwenyekiti anahitaji sentensi tano tu, ziandikwe kwenye kadi. Ya kufungua: "Who wants to start?" Ya kumwita aliyenyamaza: "We haven't heard from you yet." Ya kurudisha watu kwenye njia: "Let's go back to the question." Ya kupima makubaliano: "Do we all agree?" Ya kufunga: "So we have decided to…" Hiyo ya pili ina hatari yake. Ukiisema kwa uso mkavu inakuwa mashtaka, sawa na "Mbona umenyamaza?" Isemwe kwa sauti ya kumkaribisha mtu chai, na aliyeitwa awe na ruhusa ya kujibu "Not yet, thank you" bila kusukumwa.

Nafasi zikizidi kwenda upande mmoja, toa vifuniko vya soda. Kila mtu vitatu. Ukiongea unaweka kimoja katikati. Vikikwisha, huruhusiwi tena kutoa maoni, unaruhusiwa kuuliza swali tu. Msemaji mkubwa akibaki na maswali pekee, hugeuka ghafla kuwa mtu wa kupendeza sana.

Halafu kuna kimya. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi huko Marekani miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuongea tena. Walipofika sekunde tatu, majibu yalirefuka na watu zaidi wakajibu. Anayefikiri kwa Kikamba, anapitia Kiswahili, ndipo afike kwenye Kiingereza, hiyo sekunde moja haimtoshi hata kupanda matatu. Hesabu moyoni: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka elfu moja na tano. Ukishindwa kuvumilia, angalia viatu vyako.

Baada ya kuanzisha vikundi, wewe kiongozi ondoka. Zunguka, simama nyuma ya migongo, usiketi. Ukiketi tu, nyuso zote zitakugeukia na mjadala utakufa papo hapo.

Ukiwa mchangiaji

Sasa nizungumze na wewe uliyeketi pale, unayejua la kusema lakini kila ukifungua mdomo mwenzako amekutangulia.

Jiandae kidogo, usijiandae sana. Ukiijua mada mapema, andika mambo matatu: sentensi moja ya msimamo wako, mfano mmoja kutoka maisha yako, na swali moja la kuwauliza wenzako. Basi. Anayekuja na hotuba ya kurasa mbili huisoma, na akishaisoma hasikii tena wengine.

Kisha jifunze kuomba nafasi. Kwenye mkutano wa Kiswahili unanyoosha mkono, unasema "naomba nafasi", mwenyekiti anakuona. Mazungumzo ya Kiingereza mara nyingi hayana mwenyekiti wa kukuona, mtu anaingia pale mwenzake anapovuta pumzi. Hilo kwetu linafanana na utovu wa adabu, na ndiyo maana wengi wenye adabu hawaongei kamwe. Sentensi ya kuingilia hukulinda. "Can I come in here?" au "Can I add something?" Ziseme nyumbani mara ishirini ukiosha vyombo, mpaka zitoke bila kufikiri, ili akili yako ibaki na kazi ya lile unalotaka kusema.

Nilimwona mama mmoja muuza mitumba akifanya hivyo. Wiki tatu alikaa kimya kabisa, kibeti mapajani. Wiki ya nne nikamwandikia sentensi moja kwenye kikaratasi. Akainakili kwa biro kwenye kiganja. Kikundi chake kilikuwa kwenye ile ploti yetu, na kijana mmoja alikuwa ameshaamua kwa niaba ya wote: tangi, na wasipoteze muda. Mama akatazama kiganja.

"Can I come in here? Water, we buy. Twenty shillings, one jerrican. But light, you cannot buy at night."

"But the tank is for everybody," kijana akasema.

"Thief also is for everybody."

Kikundi kizima kikacheka, na taa zikanunuliwa, pamoja na mlango na geti, jumla 19,500. Sarufi ya mama ilikuwa na matundu. Hoja yake haikuwa na hata moja, na ndiyo iliyoshinda.

Ukishaingia, shikilia nafasi. Ukikwama katikati usinyamaze, maana kimya kinamwita mwingine. Sema "Let me think" au "How can I say this?" halafu endelea. Usipoelewa, "What do you mean by…?" ni bora kuliko kutikisa kichwa. Na uwe na ile ya kurudia maneno ya mwenzako, "So you're saying…", kwa sababu inakupa muda wa kupanga lako na inamfanya mwenzako ajisikie amesikika.

Kupinga ndiko kugumu zaidi, hasa kama wa kupingwa ni mzee wa rika la baba yako. Usilazimike kuwa mkali ili uonekane unajua Kiingereza. "I see your point, Mzee, but…" inatosha kabisa, na hilo "Mzee" lisikutie wasiwasi, ndivyo tunavyoitana hapa. Onyo moja tu: ukisema "You are wrong" ukidhani ni tafsiri ya "hapo sikubaliani nawe", umemwambia mtu kitu kingine kizito zaidi. Tumia "I don't agree."

Kuna mitego mingine inayotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu, na katika mjadala inaleta mkanganyiko wa kweli. Mtu akikuuliza "Hujalipa?" nawe hujalipa, kwa Kiswahili unajibu "ndiyo, sijalipa". Kwa Kiingereza, "You haven't paid?" hujibiwa "No, I haven't." Ukisema "Yes", kikundi kitadhani umelipa. Njia salama ni kutotegemea neno moja, sema sentensi nzima. Kukopa na kukopesha nazo ni shida: mimi nakopa, "I borrow", wewe unanikopesha, "you lend me". Ile "borrow me your pen" iliyojaa mjini inaeleweka Nairobi, lakini kwenye mahojiano ya kazi itakuangusha. Na neno "sorry" tunalitumia kama "pole" kwa mtu aliyejikwaa; mgeni kutoka nje anaweza kushangaa kwa nini unamwomba msamaha ilhali hukumsukuma.

Makosa yasahihishwe lini

Si katikati. Niliwahi kumwongoza mzee mmoja aliyekuwa akisimulia kuhusu mama yake, na kwa kuwa "yeye" wetu hana jike wala dume, kila mara alisema "he". Nilimrekebisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tatu akasema "Basi," akaegemea kiti. Hatukujua mama yake alifanyaje. Bado naijutia ile hadithi.

Njia laini ambayo walimu wengi hupenda, ya kurudia sentensi ya mwanafunzi kwa usahihi na kuendelea, nayo haina nguvu tunayoidhania. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa huko Kanada, na mwaka 1997 wakaonyesha kwamba ndiyo njia iliyotumika zaidi, lakini mara nyingi wanafunzi hawakulirekebisha kosa. Wanasikia unakubali hoja yao, hawasikii kwamba umebadilisha neno.

Kwa hiyo tembea na daftari. Andika sentensi sita ulizozisikia: tatu nzuri, tatu zenye kosa ambalo watu wengi wanalo. Dakika kumi za mwisho ziweke ubaoni bila majina, zikiwa zimechanganywa, na uwaulize wenyewe ipi ibaki na ipi itengenezwe. Kosa lililozuia watu kuelewana lina haki ya kuchukua dakika tatu. Lile la "s" iliyosahaulika mwishoni mwa kitenzi, pita nalo mbio.

Kufunga

Makatibu wasisome kila kitu, maana tutalala ukumbini. Kila mmoja ana dakika moja na swali moja: mlitofautiana wapi, na nani alibadilisha mawazo? Aliyebadilisha mawazo aulizwe ni sentensi gani iliyombadilisha. Hapo ndipo yule mama wa mitumba alisikia "Thief also is for everybody" ikitajwa mbele ya watu ishirini.

Kisha, kabla mtu yeyote hajashika begi, andika ubaoni majina ya wenyeviti wa Jumamosi ijayo na swali lao. Ifanye mapema, saa tisa na dakika hamsini, si saa kumi kamili. Wingu likianza kujikusanya upande wa Ngong nauli ya kurudi Kayole itapanda, na hakuna mwenyekiti utakayempata mlangoni.